Nani Hugawanyika Upesi, Nani Husubiri Miaka Hamsini: Rekodi za Seli

Kila sekunde inayopita, mwili wa mtu mzima hutengeneza seli mpya zipatazo milioni 3.8. Kwa siku nzima ni bilioni 330 hivi. Nyingi ni seli za damu, zikifuatwa na zile za utando wa utumbo, ambazo huchakaa na kubanduka ndani ya siku chache. Hesabu hiyo waliitoa Ron Sender na Ron Milo wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, mwaka 2021. Na njia ya kupata seli mpya ni moja tu: iliyopo igawanyike.

Haraka ya seli, hata hivyo, haifanani. Zipo zinazomaliza kazi kabla chai haijapoa, na zipo zinazoanza leo na kumaliza baada ya nusu karne. Rekodi nilizozikusanya hapa zinanifanya niamini kwamba kasi si sifa kubwa ya seli. Sifa kubwa ni kujua wakati wa kusimama, na magonjwa kadhaa yanayotusumbua yanatokana na seli zilizolisahau hilo.

Saa ishirini na nne za kawaida

Kwanza tuweke kipimo. Seli ya binadamu inayokuzwa maabara humaliza mzunguko wake kwa saa 24 hivi. Takriban saa 11 ni za G1, kipindi cha kukua na kupima kama hali inaruhusu kuendelea. Saa 8 ni za S, wakati DNA yote inapotengenezewa nakala. Saa 4 ni za G2, maandalizi ya mwisho. Inayobaki, saa moja tu, ndiyo M, yaani mitosisi na mgawanyiko wenyewe. Katikati ya safari hiyo pana vituo vya ukaguzi, mithili ya mizani ya malori kwenye barabara kuu: DNA ikiwa na kasoro, seli haipiti mpaka kasoro irekebishwe.

Aliyewahi kuponda ncha ya mzizi wa kitunguu juu ya slaidi shuleni ameiona saa hiyo moja kwa macho yake. Ukitazama kwenye hadubini, seli zimejipanga safu kwa safu, na nyingi zina kiini cha mviringo kilichotulia. Unaisogeza slaidi huku na huku ndipo unapoipata moja iliyo kazini. Hapa kromosomu 16 za kitunguu zimejikunja na kunenepa. Hiyo ni profezi. Kule zimejipanga mstari mmoja katikati ya seli, ni metafezi. Nyingine zimekwisha kuachana, makundi mawili yakivutwa kwenda ncha mbili; ni anafezi. Pembeni kabisa viini viwili vipya vimeanza kujifunga na ukuta mchanga umejitokeza kati yao, ni telofezi. Seli zilizo kazini ni chache kwa sababu saa moja ni sehemu ndogo ya siku. Mjerumani Walther Flemming alizichora hatua hizi kwa mkono wake kutokana na seli za mabuu wa salamanda, na michoro aliyoichapisha mwaka 1882 mwanafunzi wa leo anaitambua bila kuelekezwa.

Chini ya dakika kumi

Kinara wa kasi ni bakteria Vibrio natriegens, aliyepatikana katika matope ya kinamasi cha chumvi kwenye kisiwa cha Sapelo, jimbo la Georgia, Marekani. Mwaka 1962 ilipimwa kwamba, akipewa chakula kizuri na joto la kutosha, hugawanyika kila baada ya muda usiofika dakika 10. Mmoja akianza saa moja asubuhi, na chakula kisipungue, kufikia saa kumi na moja jioni watakuwa zaidi ya bilioni bilioni moja. Bahati nzuri, chakula hupungua na taka hujaa mapema mno.

Bakteria wa utumboni, E. coli, yuko nyuma yake kidogo kwa dakika 20, lakini ndiye aliyewaumiza vichwa wanasayansi. Kunakili DNA yake kunachukua dakika 40 hivi. Atagawanyikaje kila dakika 20? Jibu lilipatikana mwishoni mwa miaka ya 1960: hasubiri nakala ya kwanza iishe ndipo aanze ya pili. Nakala ya kizazi cha mbele huanzishwa wakati ya sasa iko nusu njiani, kwa hiyo seli binti huzaliwa ikiwa tayari imerithi DNA inayoendelea kunakiliwa kwa ajili ya seli mjukuu.

Dakika kumi na tano ndani ya mbu

Bakteria hawana kiini, kwa hiyo hawapitii mitosisi. Kwa viumbe wenye kiini, vitabu vingi humtaja nzi wa matunda. Katika yai lake viini hugawanyika mara 13 mfululizo, na katika mizunguko ya mwanzo kila mmoja huchukua dakika 8 au 9. Hakuna G1 wala G2, ni kunakili na kugawanya tu, na viini vyote huelea katika saitoplazimu moja hadi vifikie maelfu ndipo kila kimoja kijengewe utando wake.

Mimi ningempa taji kiumbe tunayemfahamu zaidi huku kwetu, kwa ubaya wake: kimelea cha malaria, Plasmodium. Mbu jike wa Anopheles akifyonza damu ya mgonjwa, vimelea vya kiume vilivyomo humo hutambua kwamba joto limeshuka na kwamba viko tumboni mwa mbu. Katika muda wa dakika 10 hadi 15 tu, kila kimoja hunakili DNA yake yote mara tatu mfululizo, yenye herufi zipatazo milioni 23 na kromosomu 14, kisha hutoa gameti nane zenye mikia zinazojitikisa kwa nguvu kutafuta za kike. Chini ya hadubini tukio hilo linaonekana waziwazi: kilichokuwa kimetulia kinaanza kutetemeka, mara mikia inachomoza pande zote. Nakala tatu kwa muda huo ni kasi ambayo seli ya binadamu, inayohitaji saa 8 kwa nakala moja, haiikaribii.

Ndani ya mtu kimelea hicho hicho hubadili mwendo. Kimoja kilichoingia ini huzaa makumi ya maelfu kwa wiki moja hivi, bila mgonjwa kuhisi lolote. Kikishafika kwenye damu, P. falciparum hutumia saa 48 hivi ndani ya seli nyekundu, viini vikigawanyika kila kimoja kwa wakati wake, na mwishoni vimelea kati ya 16 na 32 hupasuka nje kwa pamoja. Homa hupanda wakati seli nyekundu zinapopasuka hivyo.

Wavivu wanaotuweka kwenye dawa

Upande wa pili kabisa yuko Mycobacterium leprae, bakteria wa ukoma, anayegawanyika mara moja kwa karibu wiki mbili. Ndiyo sababu mtu anaweza kuambukizwa na dalili zikajitokeza baada ya miaka mitano au zaidi. Tangu Gerhard Armauer Hansen wa Norway alipomgundua mwaka 1873, hajawahi kukuzwa kwenye sahani ya maabara. Hukuzwa ndani ya wanyama, kama nyayo za panya na kakakuona wa Amerika.

Ndugu yake, bakteria wa kifua kikuu, huchukua kama saa 20 kwa mgawanyiko mmoja. Maabara inayomkuza kutoka kwenye makohozi husubiri wiki kadhaa, wakati bakteria wengi wengine huonekana kesho yake. Nani hajamsikia mgonjwa akilalamika kwamba amepona, kikohozi kimekwisha, kwa nini aendelee kumeza dawa hadi miezi 6? Dawa nyingi humpata bakteria anapokuwa kazini, akijenga ukuta wake au akizisoma jeni zake. Anayekawia na kujibanza bila kugawanyika huzikwepa, na hubaki akisubiri siku utakapoziacha. Anayekatisha dozi ameua wenye haraka na kuwaachia nafasi wakawiaji.

Taya la mtoto, Kampala

Rekodi inayonigusa zaidi ni ya uvimbe unaokua kwa kasi kuliko saratani zote za binadamu, nao uliandikwa kwa mara ya kwanza kwa undani hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa katika Hospitali ya Mulago kumtazama mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya zote, pande zote mbili. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, alimwona mwingine wa namna hiyo hiyo. Akaanza kupekua kumbukumbu za hospitali, na mwaka 1958 akachapisha taarifa yake. Uvimbe huo, ambao leo unaitwa limfoma ya Burkitt, unaweza kuongezeka ukubwa maradufu kwa siku moja au mbili. Karibu kila seli iliyomo iko ndani ya mzunguko, hakuna iliyopumzika.

Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili walipanda gari kuukuu na kwenda kusini kwa wiki 10, zaidi ya kilomita 15,000, wakipita hospitali moja baada ya nyingine na kuwaonyesha madaktari picha za watoto: mmemwona kama huyu? Ramani waliyorudi nayo ilionyesha kwamba ugonjwa huo hukaa nchi za joto na mvua nyingi, na huadimika nyanda za juu zenye baridi. Ilikuwa karibu ramani ya malaria yenyewe.

Huko London, Anthony Epstein alikuwa amesikia mhadhara wa Burkitt mapema mwaka huo na kuhisi kwamba pana virusi. Vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Siku moja ukungu uliilazimisha ndege kutua Manchester, na chupa ikafika maabara ikiwa imechelewa, maji yake yamechafuka. Mwingine angeimwaga, akidhani bakteria wameiharibu. Epstein aliweka tone chini ya hadubini na kukuta seli za uvimbe zenyewe zikielea hai, zimejitenga moja moja. Kutokana na seli za namna hiyo, yeye, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza mwaka 1964 virusi ambavyo sasa vinabeba jina la Epstein na Barr, virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Baadaye ilijulikana kwamba ndani ya seli hizo kromosomu zimekatika na kuunganishwa vibaya, hata jeni iitwayo MYC, inayoisukuma seli itoke G1, ikawashwa bila kuzimwa.

Kasi hiyo hiyo ndiyo udhaifu wa uvimbe huu. Methotrexate hushambulia seli zilizo katika S kwa kuzinyima malighafi ya DNA. Vincristine huzivunja nyuzi zinazovuta kromosomu, seli ikanasa katikati ya M na kufa. Dawa hii ya pili hutoka kwenye mmea wenye asili ya Madagaska, Catharanthus roseus, ule wa maua ya waridi au meupe unaopandwa kwenye bustani nyingi za pwani. Seli ambazo zote ziko mbioni hazina pa kujificha, na Burkitt mwenyewe alishuhudia nyuso za watoto zikirudi katika umbo lake ndani ya siku chache baada ya dozi. Mzazi anayeona taya la mwanawe linavimba na meno yanalegea asingoje wiki ijayo. Kwa uvimbe huu wiki ni muda mrefu mno.

Miaka hamsini ya kungoja

Sasa upande wa subira. Mtoto wa kike akiwa tumboni, mimba ikiwa ya miezi mitano hivi, ovari zake zina seli za mayai zipatazo milioni 6 au 7. Zote huanza meiosisi, mgawanyiko unaopunguza kromosomu kuwa nusu, kisha husimama katika profezi ya kwanza. Akizaliwa zimebaki milioni moja au mbili, na akibalehe laki tatu au nne. Kati ya hizo ni 400 hivi tu zitakazopevuka, moja moja, mwezi baada ya mwezi. Yai lililokuzaa wewe msomaji lilianza kugawanyika mama yako akiwa bado tumboni mwa bibi yako. La mwisho kuamka huwa limesimama karibu miaka 50. Hata likiamka halimalizi: husimama tena katika metafezi ya pili, na hukamilisha kazi pale tu mbegu ya kiume inapoingia.

Subira ndefu namna hiyo ina gharama. Kromosomu hushikwa pamoja na pete za protini ziitwazo kohesini, na katika yai pete hizo hazifanywi upya ipasavyo. Zikilegea, kromosomu mbili zinazopaswa kuachana huenda upande mmoja. Hapo ndipo hutoka sehemu kubwa ya mimba zinazoharibika mapema, na pia hali ya Down, mtoto anapopata kromosomu 21 tatu badala ya mbili. Kwa mama wa miaka 25 uwezekano ni kama mtoto mmoja kati ya 1,200. Kwa wa miaka 40 ni kama mmoja kati ya 100. Bado ninasikia akina mama wakilaumiwa kwa mila walizovunja au kwa walichokula wakati wa ujauzito. Hakuna alichokosa mama. Kohesini zile ziliwekwa yeye mwenyewe hajazaliwa.

Ziko pia seli zilizoacha kabisa. Neuroni za gamba la ubongo wako zina umri wako. Misuli ya moyo ilibishaniwa miaka mingi, mpaka kundi la Jonas Frisén wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, lilipopata saa isiyotarajiwa: majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliongeza kaboni-14 hewani, na DNA hubaki na kaboni ya mwaka ilipotengenezwa. Mwaka 2009 walitangaza kwamba kijana wa miaka 25 hubadilisha asilimia 1 hivi ya seli za misuli ya moyo kwa mwaka, na mzee wa miaka 75 chini ya nusu ya hiyo. Ndiyo maana sehemu ya moyo iliyokufa kwa kukosa damu huacha kovu, haioti upya.

Kromosomu moja, kromosomu elfu

Mwaka 1986 watafiti wa Australia walieleza sisimizi wa jenasi Myrmecia ambaye dume lake lina kromosomu moja tu katika kila seli. Moja, pungufu ya hapo haiwezekani. Kwa wanyama, kilele cha upande wa pili anacho kipepeo Polyommatus atlantica wa milima ya Atlas, Moroko na Algeria, ambaye jozi zake 229 zilithibitishwa mwaka 2025. Kwa mimea ni kangaga dogo Ophioglossum reticulatum, linaloota pia Afrika, lenye kromosomu 1,260. Kila seli yake inapofika metafezi, zote hizo lazima zishikwe na nyuzi kutoka ncha mbili, na ikitokea moja tu haijashikwa, anafezi husubiri.

Idadi ya kromosomu na wingi wa DNA ni vitu viwili tofauti. Kamongo wa Ziwa Victoria, Protopterus aethiopicus, ana DNA ambayo kwa vipimo vya uzito inafikia kama mara 40 ya binadamu. Linalompita ni kangaga la New Caledonia, Tmesipteris oblanceolata, lililotangazwa mwaka 2024 kuwa na herufi bilioni 160: ukiinyosha DNA ya seli yake moja inazidi mita 100, wakati yako haizidi mita 2. Yote hunakiliwa kabla ya kila mgawanyiko.

Zilizokataa kufa

Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha kwamba seli za kawaida za binadamu hugawanyika mara 40 hadi 60 kisha husimama. Kila kunakili hufupisha kidogo ncha za kromosomu, telomeri, na zikiwa fupi mno kituo cha ukaguzi hufunga njia.

Lakini miaka kumi kabla ya hapo, Baltimore, Marekani, seli za mwanamke mmoja zilikuwa zimekwisha kuvuka mpaka huo. Henrietta Lacks, mama wa watoto watano, alitibiwa saratani ya mlango wa kizazi katika Hospitali ya Johns Hopkins na akafariki Oktoba 1951 akiwa na miaka 31. Seli zilizochukuliwa mwilini mwake bila yeye kuombwa ruhusa ziliendelea kugawanyika kwenye chupa za George Gey, na bado zinagawanyika katika maabara duniani kote. Zilitumika katika majaribio ya chanjo ya polio na katika maelfu ya tafiti zilizofuata, huku familia yake ikikaa zaidi ya miaka 20 bila kujua. Kila ninapoisoma habari hiyo nahisi deni ambalo halijalipwa.

Kilichoziendesha seli hizo ni kirusi cha HPV aina ya 18. Protini yake moja huiharibu p53, mkaguzi anayesimamisha seli yenye DNA iliyovunjika. Nyingine huifunga Rb, inayolinda lango la kutoka G1. Seli hubaki haina wa kuisimamisha. Chanjo ya HPV kwa wasichana ilianza kutolewa nchi nzima Tanzania mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019, na aina ya 18 ni mojawapo ya zile inazozikinga.

Seli za Henrietta, HeLa kama zinavyoitwa, ni changa zikilinganishwa na saratani ya mbwa inayoambukizwa kwa kujamiiana. Seli za uvimbe huo si za mbwa anayeugua. Zote zimetokana na mbwa mmoja aliyekufa maelfu ya miaka iliyopita, nazo zimehama kutoka mwili hadi mwili, zikigawanyika bila kukoma, hadi mabara karibu yote.

Bingwa wa kusimama

Ndovu ana seli nyingi mara mia hivi kuliko mtu, na huishi miaka mingi. Kwa hesabu za kawaida, nafasi za seli moja kuasi zingepaswa kuwa nyingi mno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba ndovu wanaokufa kwa saratani hawafiki asilimia 5, wakati kwa binadamu ni kati ya asilimia 11 na 25. Sababu mojawapo ilikutwa kwenye damu yao: sisi tuna jeni moja ya p53, tuliyoirithi kwa nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, lakini ndovu wa Afrika ana jumla ya nakala 40. Seli zake zilipopigwa mionzi, zilizojiua zilikuwa mara mbili hivi ya zile za binadamu. Hazikuhangaika sana kurekebisha DNA iliyovunjika. Zilijiondoa, kabla ya kupata nafasi ya kugawanyika nayo.